Tununue mikro gani kwa chumba chetu cha kurekodi?



Tangu juma mbili wanafunzi wanabishana juu ya mikro kuliko juu ya egzameni. Sababu munaijua. Kwaya imechanga dola 130 ili tuanze kurekodi nyimbo zetu nyumbani kwa ndugu mumoja wa sauti ya tatu, ambaye baba yake alitupatia chumba cha nyuma. Ordinatere iko, kadi ya sauti iko (ya kuazima), mikro ndiyo hakuna. Komite itakata neno juma lijalo. Wengi wanataka mikro ya kondensateri, ile kubwa yenye kungaa ambayo tunaiona katika picha za waimbaji. Mimi sitaki. Najua kapita wa wanafunzi hapashwi kuchukua upande haraka, lakini feza ile ni yetu sisi wote, na kuko watoto wa enterna waliotoa mpaka feza ya sabuni. Kwa hiyo nitasema.

Kwanza tuelewane juu ya vitu hivi viwili. Ndani ya mikro ya dinamiki kuko kiwambo, kama ngozi ya ngoma lakini chembamba, na nyuma yake kumeshikamana waya wa kuzungushwa. Sauti ikisukuma kiwambo, ule waya unatembea ndani ya sumaku na umeme mudogo unazaliwa. Haiombi kuran kwa mutu. Kondensateri ni namna ingine: vibati viwili vinaangaliana karibu sana, kimoja ndicho kinatetemeka, na lazima ipewe umeme, kwa kawaida volti 48 zenye kupita katika kable ileile ya sauti. Kiwambo chake ni chepesi, kwa hiyo kinashika mambo madogo: pumzi, herufi s, hata midomo inapofunguka. Huo ndio uzuri wake. Neumann U 87 ya Wajerumani, iliyotoka mwaka 1967, iko ya namna hiyo, na mpaka leo studio kubwa zinaitumia. Sikatai.

Lakini studio kubwa iko na kuta nene na milango miwili. Chumba chetu kiko na manjanja juu, mbao upande mumoja, grupu ya jirani upande wa pili, na kuku. Mwezi uliopita tuliazima kondensateri moja kwa siku moja, tukarekodi wimbo wa dada yetu wa sauti ya kwanza. Aliimba vizuri sana, wengine walitoka machozi. Halafu tukasikiliza: grupu iko, pikipiki iko, na katikati ya ubeti wa pili mama wa nyumba ya nyuma anatwanga sombe, tu, tu, tu, wala hafuati mupigo wetu. Tulirudia mara tano. Mara ya sita mvua ilinyesha, tukaenda nyumbani. Dada alifikiri kosa ni la sauti yake, na tangu siku ile hakurudi kwa mazoezi. Mimi hiyo inaniuma kuliko dola 130.

Hapa nisahihishe neno ambalo watu wanapenda kusema, hata ndugu anayetunza bafle zetu: kwamba dinamiki «haisikii kelele». Si kweli kabisa. Inasikia. Siri ni umbali. Ukipunguza umbali wa kinywa na mikro kwa nusu, sauti yako inapanda karibu desibeli 6, lakini grupu ya jirani inabaki palepale ilipokuwa. Sasa, mikro kama Shure SM58 ilitengenezwa ili mutu aiimbie karibu, vidole viwili ao vitatu, na ndani ya kile kichwa chake cha waya muko musi wa kuzuia pumzi za p na b. Kondensateri kubwa watu wanaiimbia kwa shibiri moja ao zaidi. Ukiikaribia kama ile ingine, pumzi zinaipiga na sauti inaharibika, mpaka uweke chujio mbele yake. Kwa hiyo katika chumba cha kelele dinamiki inatusaidia kwa sababu inatuacha tusogee. (Wa sauti ya ine wafurahi: ukisogea karibu, sauti nzito zinaongezeka. Wasizidishe tu.)

Wengine wananicheka, eti hiyo ni mikro ya wahubiri, si ya studio. SM58 ilitoka mwaka 1966, na herufi S na M ni kifupi cha Studio Microphone. Michael Jackson naye, sahani ya Thriller ya 1982, fundi wake Bruce Swedien alirekodi sauti yake na Shure SM7, na hiyo ni dinamiki. Kama ilimufaa yeye, haitatushinda sisi. Lakini SM7B ya leo inauzwa karibu dola 400, na sauti inayotoa ni ndogo sana, inaomba kadi ya sauti yenye nguvu. Tuiache. SM58 kule Marekani iko karibu dola 100.

Tena kuko neno la Jumapili. Kuna mikro zenye kuingia moja kwa moja katika ordinatere kwa kable ya USB. Vijana wengi wanazipenda juu ni rahisi. Nyingi kati yao haziwezi kuingia katika meza ya sauti ya kapela. Feza ya kwaya nzima inunue kitu cha kulala chumbani juma lote? SM58 Jumamosi itarekodi, Jumapili itahubiri, na Jumatatu itashika gita.

Kuko jambo moja ambalo nakubali kushindwa kidogo. Sisi ni watu 28. Ukituweka wote mbele ya dinamiki moja, atasikika yule wa karibu na wengine watakuwa kama wako ngambo ya ziwa. Kondensateri ingetushika vizuri zaidi. Jibu langu: tusirekodi wote pamoja. Watatu watatu wasimame nusu duara, sauti ya kwanza kisha ya pili, wakisikiliza muziki katika ekuteri. Ni kazi ndefu. Itakula Jumamosi ine ao tano, na sisi wa kelasi ya mwisho tunatoka hivi karibuni. Lakini mikro itabaki kwenu.

Komite iangalie pia mikro za uongo. Mwaka jana mutu wetu alinunua «SM58» ya dola 20 sokoni; Jumapili ya pili ikanyamaza mbele ya muchungaji mugeni. Ya kweli iko na gramu 298, munaweza kuipima kwa mizani ya muuza unga, lakini uzito peke yake si ushahidi. Ijaribiwe dukani kabla ya kulipa. Na kable iwe ya meno matatu pande zote mbili, hata ikiongeza dola kumi.

Ili musiseme kapita ametawala, nimeomba ile kondensateri tena na SM58 ya parokia jirani. Jumamosi hii saa nane tutarekodi ubeti mumoja na kila moja, grupu ikiwa inawaka, halafu komite isikilize bila kuambiwa ni ipi. Nimemuomba dada wa sauti ya kwanza aje aimbe. Hajanijibu. Mwenye kukaa naye karibu amuombe tena, na mwenye bulangeti nzito ailete, tutaitundika kwa ule ukuta wa mbao.

Kapita wa wanafunzi, kelasi ya mwisho