Twafanya Kazi Pamoja, Lakini Je, Twajuana?

Kila siku alfajiri, maelfu ya wananchi wa Mbagala, Mtoni, Tandika, Tegeta na Kinondoni huamka kwenda kazini. Hubanana bega kwa bega ndani ya daladala, hupita katika lango moja la kiwanda, husimama mbele ya mashine zilizopangwa safu moja, na jioni hubanana tena kurejea makwao. Atakayewatazama atasema kwamba watu hawa hawaujui upweke. Sisi twasema kwamba wanaujua sana, na ya kuwa wakati umefika wa kulitaja jambo hilo waziwazi.

Upweke si kukosa watu. Upweke ni kukosa mtu wa kukuuliza una nini. Mfanyakazi asipoonekana kwa siku tatu, mnyapara huandika jina la mwingine mahali pake na kazi huendelea. Wenzake hawajui kama anaumwa au amefiwa, wala hawaijui nyumba anayokaa. Akifariki dunia, ndipo daftari la mchango hupitishwa na kila mtu hutoa alichonacho. Kutoa ni jambo jema, na desturi hiyo idumu. Lakini ni aibu kumfahamu mwenzetu siku ya kumzika.

Wala msomaji asidhani kwamba haya ni matatizo ya matajiri wa Ulaya. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 katika kila watu 6 duniani anasumbuliwa na upweke, kwamba hali hiyo hudhuru mwili kama inavyodhuru moyo, na kwamba nchi za kipato cha chini zimeguswa zaidi kuliko nchi tajiri.

Kwetu sababu zake zaonekana. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam ukiwa na watu 272,821. Ile ya mwaka 2022 iliukuta mkoa una watu 5,383,728. Wengi wametoka mikoani, wakaacha nyuma wazazi, mashemeji na majirani waliowajua tangu utoto. Sababu ya pili ni kibarua. Aliyeajiriwa kwa kutwa hana hakika ya kesho. Atafunguaje moyo wake kwa watu ambao huenda asiwaone tena? Na mwenye ajira ya kudumu naye humtazama kama mgeni, asimkaribishe hata penye chai.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, wengi wao wakiwa vibarua wa kutwa, mgomo wao ulienea hadi kwa wafanyakazi wa reli na kufika miji ya bara. Watu wasioaminiana hawawezi kufanya jambo kama hilo. Baadaye, chama cha wafanyakazi cha NUTA, kilichoundwa mwaka 1964, kilikuwa na bendi yake, ambayo twaijua leo kwa jina la Msondo Ngoma. Wafanyakazi walikutana katika madai, wakakutana pia katika ngoma.

Wako waajiri wanaodhani kwamba dawa ni sherehe ya mwisho wa mwaka na fulana mpya. Hatuikatai sherehe. Lakini urafiki hauagizwi kwa barua, na karamu ya siku moja haiwezi kufuta ukimya wa mwaka mzima.

Tufanye nini basi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Saa hiyo ni mali kubwa. Jioni akina mama hukimbilia watoto na jiko, na wengine hukimbilia vibarua vya pili. Mchana ndio wakati pekee ambao wote wanao. Mwajiri asiyewapa wafanyakazi saa hiyo avunja sheria, tena awanyima nafasi ya kuwa watu mbele ya wenzao. Na mfanyakazi anayeipata, akaitumia yote akiwa ameinamia simu peke yake pembeni, ajinyima mwenyewe. Aketi kwa mama lishe na wenzake, amwite na yule kibarua aliyeanza jana, amwulize jina na kwao.

Matawi ya vyama vya wafanyakazi nayo yasingojee siku ya ugomvi. Kila tawi liwe na watu wa kumfuata nyumbani asiyeonekana kazini, awe wa kudumu au wa kutwa, aliyelipa ada au asiyelipa.

Hatusemi watu wapelelezane, wala siri za nyumba ya mtu ziwe hadithi za kiwandani. Umbea huua urafiki upesi kuliko kimya. Twasema tu kwamba mwenzako akikosekana, pawepo mtu wa kubisha hodi.

Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini atakufaaje asiyeijua dhiki yako? Ndugu mfanyakazi, kesho ukifika kazini mtazame anayesimama karibu nawe. Ikiwa hujui anakaa wapi, muulize.