Afya ya Nyumba Zetu: Utoko Wenye Shombo



Mwezi uliopita tuliletewa barua na bibi mmoja, mama wa watoto watatu, nasi hatutalitaja jina lake wala mji wake. Alieleza kuwa kwa muda wa mwaka na zaidi alikuwa akitokwa na utoko mwepesi wa rangi ya kijivu, wenye shombo kama ya samaki, na shombo hiyo ilizidi kila alipokutana na mumewe. Alijiosha kwa sabuni, kisha kwa maji ya ndimu, kisha kwa shabu, na kadiri alivyozidi kujiosha ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Mwisho mumewe akamwuliza maradhi hayo ameyatoa wapi.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wazee wetu wakaliona halifai kusomwa nyumbani. Sisi twaona lafaa. Binti aliyekwisha baleghe ni bora alisome hapa kuliko kulisikia nusu nusu kwa mashoga zake. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ki-Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Basi afya nayo haina budi iulizwe.

Ugonjwa huu madaktari huuita vajinosisi ya bakteria. Mwenyezi Mungu ameujaalia uke kuwa na walinzi wake, nao ni bakteria wafanyao tindikali kama ile iliyomo katika maziwa ya mgando. Daktari Albert Döderlein wa Ujerumani aliwaeleza mwaka 1892. Tindikali hiyo huufanya uke uwe mchachu, na katika uchachu huo vijidudu vingi vya madhara havistawi. Walinzi wakipungua, uchachu huondoka, na bakteria wengine wapendao mahali pasipo hewa huongezeka mara nyingi mno. Hao ndio watoao shombo. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Marekani, Gardner na Dukes, walitangaza kumpata mmoja wao, na leo huitwa Gardnerella kwa jina la huyo wa kwanza, walakini baadaye ilibainika kuwa hayuko peke yake bali ni jamaa zima. Wala si ugonjwa wa wachache: ulimwenguni, katika kila wanawake 4 walio katika umri wa kuzaa, karibu 1 anao, na wengi wao hawaoni dalili yoyote.

Hapo ndipo lilipo kosa la bibi yetu, naye hakulitenda ila kwa kupenda usafi. Sabuni, ndimu na shabu zikiingizwa ndani huwafagia walinzi, na adui hubaki na uwanja. Wako wadhanio kuwa tohara yataka hivyo. Sivyo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, kilicho wajibu kuoshwa ni cha nje na kile kidhihirikacho mwanamke achutamapo. Cha ndani ya hapo hakumlazimu. Maji safi kwa nje yatosha. Hapa kwetu Mombasa wataalamu waliwafuatilia wanawake kwa muda wa miaka 10, na katika habari waliyoitoa mwaka 2006 walionyesha kuwa waliojiosha ndani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata virusi vya UKIMWI kuliko wasiojiosha, na wenye kutumia sabuni hatari yao ilizidi.

Hii ndiyo sababu tusemayo kuwa jambo hili si la harufu tu. Mwanamke mwenye ugonjwa huu huwa mwepesi kushikwa na virusi hivyo, na kisonono, na klamidia. Mwenye mimba yumo katika hatari ya kuzaa kabla ya miezi kutimia. Kadhalika huweza kufuatana na maradhi ya mji wa mimba na mirija yake, ambayo huharibu uzazi.

Asitibiwe kwa kukisia. Fangasi huleta muwasho na utoko mweupe mzito, na yuko mdudu mwingine aitwaye trikomona ambaye naye hutoa harufu mbaya. Dawa zao hazifanani. Daktari hupima uchachu kwa karatasi na kutazama utoko kwa darubini. Aghalabu dawa ni metronidazoli ya siku 7, nayo imalizwe hata dalili zikitoweka siku ya 3. Mjamzito asinywe ila kwa amri ya daktari.

Sasa tuseme na mume. Ugonjwa huu si shahidi wa zinaa. Huwapata wake waliotulia katika ndoa zao, na ajuaye yaliyomo katika Sura ya Nuru anajua uzito wa kumtuhumu mwanamke mwema. Zaidi ya hayo, bakteria hao huweza kukaa kwa mwanamume mwenyewe pasipo yeye kuhisi kitu, akamrudishia mkewe aliyekwisha pona. Mwaka 2025 madaktari wa Melbourne, Australia, walitangaza uchunguzi juu ya wake 164 na waume zao, kila mmoja akiwa na mwenziwe mmoja tu. Pale mume naye alipotibiwa kwa vidonge na dawa ya kupaka, ugonjwa uliwarudia wanawake 35 katika kila 100 ndani ya majuma 12. Alipotibiwa mke peke yake, uliwarudia 63. Basi mume aulizaye maradhi yametoka wapi, yamkini jibu analo mwilini mwake. Mwenye wake wawili amweleze daktari bila ya kuficha, kwani uchunguzi huo haukuwahusu watu wa namna yake.

Bibi yetu tumemwandikia aache shabu na ndimu leo hii, aende hospitali pamoja na mumewe, na gazeti hili alichukue mkononi akiona haya kusema. Aliuliza pia kama aiache swala mpaka apone. Asiiache: utoko si hedhi. Ama namna ya kutawadha ikiwa utoko haukatiki, amwulize sheikh wa mji wake.