Mjamzito Asubiri Hadi Lini?

Mwaka 2007 wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, bado ilikuwa na kambi za watu waliokimbia vita vya kiongozi wa waasi Joseph Kony. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yaliwekwa kwenye vyombo vya mdomo mpana ambamo kila mkono uliingia kuchota, na watu walinawa pamoja katika beseni moja. Homa ya ini aina ya E haihitaji zaidi ya hapo. Hadi mlipuko unapoa mwaka 2009, watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameugua na wapatao 160 wamekufa.

Kwa watu wengi ni ugonjwa wa wiki chache: macho ya njano, uchovu, kichefuchefu, kisha nafuu. Lakini ukimkuta mwanamke katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ini linaweza kugoma kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 20 au 25 ya wajawazito wanaougua katika kipindi hicho wanaweza kufa.

Sababu mojawapo huenda ni homoni: estrojeni na projesteroni hupanda sana wakati wa ujauzito, na seli za kinga zina vipokezi vya homoni hizo. Mwili unamvumilia mtoto ambaye nusu ya vinasaba vyake ni vya baba, na mpangilio huo mpya wa kinga hubadilisha namna virusi vinavyokabiliwa. Homoni si maelezo yote. Lishe duni imo, na aina ya kirusi pia: ile inayowafikia watu wa Ulaya kupitia nyama ya nguruwe haiui wajawazito kwa kiwango hicho.

Kwa UVIKO-19 mizani iliinamia upande wa pili. Uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 3 kutoka nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta wanaume na wanawake wakiambukizwa karibu sawa, ila uwezekano wa mwanaume kuishia chumba cha mahututi ulikaribia mara tatu ya ule wa mwanamke. Wengi walisema ni sigara na ile tabia ya wanaume kwenda hospitali maji yakishafika shingoni. Ni kweli kiasi. Mwaka huohuo madaktari wa Uholanzi walieleza habari za vijana wanne, jozi mbili za ndugu waliokuwa na afya njema, ambao wote walifikia kuwekewa mashine ya kupumulia, mmoja alifariki. Walikuwa na hitilafu katika jeni la TLR7, ambalo husaidia mwili kutambua virusi na kuamsha interferoni, kengele ya kwanza ya kinga. Jeni hilo liko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili. Mwanaume anayo moja, ikiharibika hana ya akiba.

Homoni za kiume nazo zilitiwa hatiani, tena haraka mno. TMPRSS2, protini ambayo kirusi cha korona huitumia kupenya kwenye seli, huongezwa na testosteroni, jambo ambalo wataalamu wa saratani ya tezi dume walilijua zamani. Basi ishusheni testosteroni, hesabu imekwisha! Marekani ilijaribu kwa maveterani wa jeshi waliolazwa: wakapewa degarelix, dawa inayoishusha kwa kasi. Haikuwasaidia. Dhana nzuri ya maabara ilikutana na wodi ikakwama, na bila jaribio hilo huenda wanaume wangeendelea kupewa dawa yenye madhara yake bila faida.

Kwa muda mrefu wajawazito hawakufanyiwa hisani hiyo ya jaribio. Chanjo ya homa ya ini E iliidhinishwa China mwaka 2011 baada ya jaribio la watu zaidi ya 110,000. Waliokuwa katika hatari kubwa ya kufa, yaani wajawazito, walizuiwa kushiriki. Ushahidi uliopatikana kuwahusu ulitoka kwa wanawake kadhaa walioshika mimba kwa bahati jaribio likiendelea. Mlipuko wa kwanza duniani kukabiliwa kwa chanjo hiyo ulikuwa Bentiu, Sudan Kusini, mwaka 2022, na wajawazito wakajumuishwa. Miaka 11 ilikuwa imepita.

Wanaotaka tahadhari wana hoja, na si ya kupuuzwa. Uchambuzi kutoka Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha mimba zilizoharibika zikiwa nyingi zaidi kwa waliochanjwa wakiwa wajawazito au muda mfupi kabla ya kushika mimba. Ufuatiliaji wa Bentiu haukukuta ongezeko hilo. Swali la namna hii lilipaswa kujibiwa mapema, kwa wanawake waliokubali kwa hiari wakifuatiliwa hadi wajifungue, si kambini watu wakiwa tayari wanakufa.

Mkanganyiko ulionekana wazi zaidi mashariki mwa Kongo. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake na wasichana. Hapo homoni hazikuwa na kosa kubwa. Kuuguza wagonjwa ni kazi waliyoachiwa wao. Chanjo ilianza kutolewa Agosti, wajawazito wakawekwa kando kwa sababu ina kirusi hai kilichobadilishwa. Walikubaliwa mwaka 2019, mimba ikishapita miezi mitatu ya kwanza. Wakati huo, tangu Novemba 2018, jaribio la dawa za Ebola lililoitwa PALM, ambalo Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa viongozi wake, lilikuwa likipokea wagonjwa wa umri wowote, wajawazito wakiwemo. Kwa miezi kadhaa, basi, mjamzito wa Beni, mji wa Kivu Kaskazini, aliyemgusa mgonjwa alinyimwa kinga, na akishaugua alifunguliwa mlango wa utafiti. Wala kuwapokea hakukulichelewesha jaribio: lilisitishwa mapema, Agosti 2019, kwa kuwa dawa mbili kati ya nne zilikuwa zimeshaonyesha kuokoa watu zaidi.