Mtihani Unaondoka, Shule Hazijasawazishwa

Desemba 1964, watoto wa Seoul waliokuwa wakigombea nafasi katika shule za kati walikutana na swali moja la jikoni: katika kutengeneza peremende ya asili ya Korea, ni kitu gani kinachoweza kutumika badala ya kimea? Jibu lililotakiwa lilikuwa diastasi, kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Watoto wengi walichagua maji ya figili, kwa sababu kitabu chao cha shule kilisema figili nayo ina diastasi. Wakanyimwa alama. Ilikuwa alama moja tu, lakini ndiyo iliyoamua nani ataingia Shule ya Kati ya Kyunggi na nani atabaki nje. Akina mama wakapika peremende kwa maji ya figili, wakaibeba hadi ofisi za elimu na kuwataka maofisa waionje. Suala likaishia mahakamani, na mwaka uliofuata watoto zaidi ya 30 wakaingizwa katika shule walizokuwa wamezikosa.

Taifa linapofikia mahali ambapo maisha ya mtoto wa miaka 12 yanategemea figili, kosa haliko kwa mtunga swali. Serikali ya Korea Kusini ililielewa hilo. Julai 1968 ilitangaza kuufuta mtihani huo, na kuanzia 1969 watoto wa Seoul wakapangiwa shule kwa kura ndani ya maeneo yao. Kufikia 1971 utaratibu ulikuwa umeenea nchi nzima, na shule za kati zenye majina makubwa, Kyunggi ikiwemo, zikafungwa. Mwaka 1974 zamu ikawa ya shule za sekondari za juu, kwa kuanzia Seoul na Busan.

Nimeanzia huko kwa sababu jambo hilo sasa liko mezani kwetu. Kenya ilifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, ikiwa na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4, na kuuzika mtihani uliokuwa ukiwapanga watoto tangu 1985. Mwanafunzi wa Kenya sasa anamaliza Gredi ya 6, anafanya tathmini ya KPSEA, kisha anaendelea na Gredi ya 7 hadi ya 9, mara nyingi katika uwanja uleule wa shule ya msingi. Tanzania nayo, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, inaelekea kwenye elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kama kila mtoto analazimika kusoma mpaka kidato cha nne, mtihani wa kuchuja mwishoni mwa shule ya msingi unapoteza kazi yake ya zamani.

Naunga mkono mabadiliko haya bila kusita. Nimeona watoto wa darasa la saba wakilala kambini miezi kadhaa, wakifanya mtihani wa moko juu ya moko, wakikariri majibu ya kuchagua herufi mpaka wanasahau kuandika insha. Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alieleza kwamba takribani asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi wangepata nafasi ya sekondari, ilhali mafundisho yote ya msingi yalikuwa maandalizi ya hao wachache. Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze yenyewe. Miaka zaidi ya hamsini ikapita mtihani ukiendelea kuamua nini kifundishwe.

Hata hivyo, hoja ya wanaoutetea mtihani haipaswi kupuuzwa, maana ina ukweli mzito ndani yake. Wanasema mtihani ndio ngazi pekee aliyonayo mtoto wa maskini. Mtoto wa mkulima aliyesomea darasa lenye wanafunzi mia moja, akipata alama za juu, anakwenda shule ya vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Tabora, na pale anakaa dawati moja na mtoto wa waziri. Kenya ina hadithi za namna hiyo kuhusu shule za Alliance na Mang'u. Viongozi na wataalamu wengi wa nchi hizi mbili walipanda kwa ngazi hiyo, na hawakosei kuishukuru. Ukiiondoa, wanauliza, utaweka nini mahali pake?

Swali hilo ndilo lenyewe. Mazingira yamebadilika tangu zama za asilimia 13. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) zimefungua nafasi ambazo kizazi cha nyuma hakikuziota, na Kenya nayo imekuwa ikisukuma kila mtoto aendelee na sekondari. Kwa hiyo mchujo wa leo hauamui tena nani anaendelea na masomo. Unaamua nani anaendelea wapi. Shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia na shule ya vipaji maalumu yenye maabara na bweni zote zinaitwa sekondari, zote zinafanya mtihani mmoja wa kidato cha nne, lakini ziko mbali kama ardhi na mbingu. Maadamu umbali huo upo, wazazi wataipigania shule bora kwa silaha yoyote iliyobaki mkononi. Mtihani ukiondoka, silaha inayobaki ni pesa.

Korea Kusini ilipitia yote mawili, mafanikio na maumivu. Mafanikio yalitokana na kazi ambayo haikupigiwa ngoma. Serikali ilifahamu kwamba kura haiwezi kuwa ya haki kama shule moja ina walimu na nyingine haina, kwa hiyo ikaanza kusaidia hata mishahara ya walimu wa shule binafsi zilizoingizwa kwenye mpango. Mwalimu wa shule ya umma kule haoti mizizi mahali pamoja: kila baada ya miaka mitano hivi huhamishiwa shule nyingine, na anayekubali kufanya kazi visiwani au milimani hujiongezea sifa za kupandishwa cheo. Huko kuzungusha walimu ndiko kulikoifanya shule ya mtaa mmoja ifanane na ya mtaa wa pili.

Maumivu yalikuja pale usawa ulipoishia. Serikali ilizihamishia shule mashuhuri za sekondari ya juu upande wa kusini wa mto Han. Kyunggi ya juu ilihamia Gangnam mwaka 1976. Wazazi wenye uwezo wakafuata, na bei ya nyumba ikageuka kuwa ada ya shule. Masomo ya ziada ya kulipia yalishamiri hadi serikali ikayapiga marufuku mwaka 1980, marufuku ambayo Mahakama ya Katiba iliitengua mwaka 2000. Leo shinikizo lote limehamia kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika kila Novemba, siku ambayo ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati watahiniwa wanasikiliza sehemu ya Kiingereza. Mlango uliofungwa kwa mtoto wa miaka 12 ulifunguka kwa kijana wa miaka 18. Kwangu mimi hayo bado ni maendeleo makubwa, kwa kuwa miaka sita ya utoto iliokolewa. Lakini hakuna anayeweza kusema mashindano yalikufa.

Finland ilifika mbali zaidi, na kwa utaratibu. Hadi miaka ya 1960, mtoto wa kule alitenganishwa akiwa na miaka kumi au kumi na mmoja: huyu aelekee sekondari ya kitaaluma, yule abaki na elimu fupi ya kumwandaa kwa kazi. Sheria ya 1968 iliunganisha njia hizo kuwa shule moja ya miaka tisa. Mageuzi yalianzia Lapland, kaskazini ya mbali na yenye watu wachache, mwaka 1972, na Helsinki ilifikiwa mwaka 1977. Naomba msomaji atulie kidogo hapo. Nchi nyingi, yetu ikiwemo, huanzia mji mkuu kisha huahidi kufika kijijini. Wao waliwatanguliza waliokuwa nyuma.

Wakati huohuo waliubadilisha ualimu: kuanzia 1979 mwalimu wa shule ya msingi alitakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Kuwagawa wanafunzi kwa uwezo katika hisabati na lugha kuliendelea ndani ya shule hizo mpya hadi 1985, kisha nako kukafutwa. Sifa za Finland zimepungua siku hizi, na ni haki kulisema: katika tathmini ya kimataifa ya PISA alama zake za hisabati zilishuka kutoka 548 mwaka 2006 hadi 484 mwaka 2022. Wafini wanabishana vikali kuhusu sababu, lakini kurudisha mchujo wa miaka kumi na mmoja si tiba wanayoikimbilia.

Majimbo mengi ya Ujerumani yamebaki na mchujo wa mapema. Mtoto anapangiwa aina ya shule baada ya darasa la nne, na matokeo ya PISA ya 2000 yaliwashtua Wajerumani kwa kuonyesha jinsi hali ya nyumbani ilivyoamua mafanikio ya mwanafunzi. Wanachokifanya vizuri ni uanagenzi unaoheshimika na kulipwa. Tanzania, inayotenganisha mkondo wa jumla na wa amali, ijihadhari isichukue mchujo wao na kuuacha uanagenzi.

Pwani yetu ina desturi yake ya kupima bila kuchuja. Chuoni, mwalimu wa Kurani hamhamishi mtoto sura mpaka aijue aliyonayo. Wa miaka minane anaweza kuwa mbele ya wa miaka 12, na hakuna anayefukuzwa kwa kuchelewa. Tathmini za darasa la sita zingefaa zifanye kazi hiyo: kumwambia mwalimu wapi mtoto amekwama.

Kuna mchujo mwingine usio na msimamizi. Mtoto wa shule ya serikali ya Tanzania anafundishwa kwa Kiswahili hadi amalize msingi, kisha kidato cha kwanza kinamdai baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Mwenzake aliyelipiwa ada ya shule ya Kiingereza anavuka bila kujua kuna mto. Mfini na Mkorea hawavushwi lugha katika umri huo. Kwa maoni yangu, kuondoa mtihani na kuuacha mpaka huo wa lugha ni kuhamisha mlango kutoka chumba cha mtihani hadi ndani ya darasa, ambako mtoto hufeli kimya kimya.

Mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita wa mtaala mpya na wa darasa la saba wa mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea vikundi viwili kwa mpigo. Maandalizi yanayosikika zaidi ni ya madarasa na madawati, na yanahitajika. Lakini serikali itangaze pia, kata kwa kata, idadi ya walimu wa hisabati, sayansi na Kiingereza waliopo katika kila sekondari, na ianze kuzungusha walimu ndani ya mkoa kwa marupurupu na vyeo vinavyomtanguliza aliyekubali kwenda mbali. Mzazi wa Ukerewe au Kaliua ana haki ya kuiona orodha hiyo sasa, wakati muda wa kumpeleka mwalimu wa fizikia kwenye shule ya kata yake bado upo.