"Nilishaugua Dengi" Si Kinga

Pale Kariakoo mtu akishikwa na homa kali, macho na viungo vikimuuma, na kipimo cha malaria kisionyeshe kitu, hakosi jirani wa kumwambia: "Ni dengi hiyo. Wewe si uliugua 2014? Itapita tu." Maneno hayo yaachwe kabisa. Ni ya hatari.

Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake; sharti kiingie ndani ya seli ya mtu. Kirusi cha dengi kimevikwa protini ambazo hujishikiza kwenye utando wa seli. Seli hukimeza na kukifunga katika kifuko. Kifuko kikianza kuwa na asidi, badala ya kukiua kirusi, asidi hiyo huzibadili umbo protini zake. Utando wa kirusi huungana na ule wa kifuko, na maagizo ya kutengeneza virusi vipya humwagika ndani ya seli.

Sasa, virusi vya dengi ni vya aina nne. Aliyeugua aina moja hubaki na kingamwili zinazomlinda dhidi ya aina hiyo. Ikija aina nyingine, kingamwili zile za zamani huweza kukishika kirusi bila kukishinda. Na kuna seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumeza kila kilichoshikwa na kingamwili! Hivyo mlinzi humfungulia mwizi mlango, na ugonjwa wa mara ya pili huweza kuwa mkali kuliko wa kwanza. Jiji letu halina aina moja tu: mwaka 2010 ilionekana aina ya tatu, na mwaka 2014 aina ya pili.

Wengine hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili. Hizo ni dawa za bakteria, kirusi hazikigusi. Aspirini na diklofenaki ni mbaya zaidi, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli kwa kipimo chake, na maji ya kunywa kwa wingi, vinatosha wakati mgonjwa anaangaliwa.

Chandarua cha usiku hakitoshi, kwa kuwa mbu huyu huuma mchana, muuzaji akiwa kwenye meza yake. Huzaliana katika mapipa ya maji yasiyofunikwa na matairi yaliyotupwa nyuma ya maduka. Mwenye duka asisubiri bwana afya aje kuyamwaga.

Tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama homa imeanza kushuka. Mara nyingi hatari huanza hapo homa inaposhuka.