Konokono Hana Hatia, Acheni Kubahatisha

Leo sitaandika kuhusu programu. Au tuseme nitaandika kwa kuzunguka, kwa sababu wafugaji wa samaki wa mapambo wamenichosha kama wanavyonichosha waandishi wa programu wasiotaka kufikiri.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina tangi la kioo la lita 60 sebuleni. Ndani mna samaki wadogo, kamba wadogo wekundu, mimea hai, na konokono waliojileta wenyewe wakiwa wamenata kwenye majani. Mwaka jana majani yalianza kutoboka. Nikaenda dukani. Muuzaji, bila kuuliza hata swali moja, akasema: "Hao ni konokono, chukua dawa hii." Nikachukua, nikamimina.

Kulipokucha kamba wote walikuwa wamekufa, konokono wanaoza chini na samaki wanatweta juu ya maji. Wiki mbili baadaye majani yaliendelea kutoboka!

Dawa ile ilikuwa na shaba. Shaba huua konokono, na huua kamba pia, haichagui. Konokono wengi wakifa pamoja, uozo wao hutoa amonia, na amonia ni sumu kwa samaki. Kosa ni langu. Nilifanya kile ninachowakemea vijana kazini kila siku: kubadilisha mambo kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Mtaniambia wapo konokono wanaokula mimea. Kweli wapo. Konokono aina ya Pomacea canaliculata, mzaliwa wa Amerika Kusini, aligunduliwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea, na ni balaa. Huyo hutaga mayai ya waridi juu ya maji, humkosi. Lakini hawa wadogo tulio nao majumbani hula hasa mwani na majani yanayokufa. Kumkuta konokono kwenye jani lililooza si ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeliua. Mbona hatumshtaki tai kwa kila mzoga anaotua juu yake?

Basi nikarudi kwenye kazi ninayoijua. Nikachukua mitungi miwili ya kioo, maji yale yale, mwanga ule ule, mmea ule ule. Mmoja nikautia konokono, mwingine nikauacha bila. Majani yakatoboka kote kuwili. Kesi ya konokono ikafa hapo hapo.

Ndipo nikaanza kuyasoma majani yenyewe, maana jani huandika kila kitu, kama faili la kumbukumbu za seva. Majani ya zamani yakiwa na vitundu vidogo vyenye kingo za manjano, shuku upungufu wa potasiamu: mmea huinyonya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwa machipukizi. Majani machanga yakipauka huku ya zamani ni ya kijani, shuku madini ya chuma, kwa kuwa hayahamishiki kirahisi. Jani likichanika au kumegwa pembeni, hapo mtafute mwenye mdomo: usiku washa tochi uangalie. Mmea mpya ukiyeyuka wote siku chache baada ya kuununua, huenda ulikuzwa nje ya maji na sasa unabadilisha majani. Usiutupe. Na kama ni Anubias, angalia kama umelifukia shina lake nene kwenye mchanga. Likifukiwa huoza.

Yangu yalikuwa majani ya zamani, vitundu, manjano. Nikaongeza mbolea ya potasiamu, hiyo tu, sikugusa kitu kingine. Jani lililotoboka halizibiki, kwa hiyo nilitazama mapya. Baada ya wiki nne yalikuwa mazima.

Najua mtu atasema, "Kwa nini nisiweke dawa, mbolea na taa mpya kwa mpigo? Kimoja kitafaulu." Kikifaulu, utajua ni kipi? Na mambo yakiharibika, utamlaumu nani? Haraka haraka haina baraka, na kwenye tangi haraka ina maiti.

Wauzaji, ulizeni maswali kabla ya kuuza chupa. Nasi wanunuzi tuache kumhukumu kiumbe kwa sababu tu ndiye tunayemwona. Badilisha kitu kimoja, subiri, tazama, andika. Kamba wangu hawatarudi, lakini wako bado wanaweza kupona.