Punda Alikusikia Mara ya Kwanza

Simama kando ya barabara ya kutoka Machakos mjini kuelekea Mwala, asubuhi wenye mikokoteni wakienda kuchota maji, halafu usikilize. Kwato huzisikii. Unasikia fimbo. Pa, pa, pa, kila baada ya hatua mbili tatu, inatua palepale kiunoni ambapo manyoya yalishaisha na ngozi imekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini anampiga punda ambaye tayari anatembea. Akacheka, tena kwa upole. "Huyu ni punda, kijana wangu. Punda haelewi bila kiboko."

Hiyo sentensi nimeisikia tangu nikiwa mtoto na nimechoka nayo. Ni uongo, na ni uongo unaotufaa sana, kwa sababu ukisema mnyama ni mjinga huhitaji kujiuliza umemfundisha nini.

Tuanze na inzi. Inzi akitua kwenye ubavu wa punda au farasi, ngozi inatikisika mahali hapo hapo, si sehemu nyingine. Sasa niambie, mnyama anayesikia miguu ya inzi anahitaji mpini wa jembe ili ajue unataka aende kushoto?

Halafu kuna yule farasi wa Berlin, Hans. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mwenye naye, mwalimu mstaafu aitwaye Wilhelm von Osten, alikuwa akiwaonyesha watu kwamba farasi wake anajua hesabu. Unamuuliza tatu jumlisha nne, anagonga kwato mara saba. Mwaka wa 1904 kamati ikamchunguza na haikuona udanganyifu. Ni Oskar Pfungst, katika kitabu alichochapisha 1907, aliyeeleza kilichokuwa kikitokea: Hans akifikia jibu, muulizaji alikuwa anainua kichwa kidogo sana bila kujijua, na Hans anaacha kugonga. Muulizaji asipojua jibu mwenyewe, Hans naye anakwama. Watu wakacheka, ooh, kumbe farasi hajui hesabu. Manze, mimi hiyo stori naisoma upande wa pili. Farasi alikuwa anaona kitu ambacho maprofesa waliosimama hapo hawakukiona, na mwenye kichwa chenyewe hakukijua. Halafu mtu anakuja kuniambia lazima apige kelele ili asikike.

Susu wangu wa Mwala hakuwahi kusikia habari za Hans. Alikuwa na punda jike wa kijivu tuliyemwita Kivuli, na mto ulikuwa mbali. Kurudi, Kivuli alibeba mitungi minne ya lita 20, kilo 80 za maji peke yake. Kwenda, mitungi ikiwa mitupu, mmoja wetu aliruhusiwa kumpanda. Hapakuwa na tandiko wala chuma cha mdomoni, kamba tu shingoni, na hiyo kamba hatukuivuta.

Ukitaka aende, unakaa wima, unajaza kifua, unabana mapaja kidogo, kama mtu anayetaka kuinuka kitini. Asipoenda, unamgusa kwa kisigino. Na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: akiinua mguu, hata mmoja tu, unaacha kubana hapo hapo. Kule kuacha ndiko kunakomwambia kwamba amefanya sawa. Yeye anafanya kazi ili aachwe kwa amani, kama sisi wote. Ukichelewa, ukaendelea kumbana huku tayari anatembea, umemwambia kwamba kutembea hakumsaidii kitu.

Ukitaka kushoto, unatazama kushoto. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa, weka simu chini. Geuza kichwa na mabega kushoto, polepole. Unasikia uzito unavyohama kwenye makalio? Kivuli aliusikia pia, kupitia gunia kuukuu. Na kusimama ilikuwa rahisi kuliko yote. Unatoa pumzi, unalegeza mgongo, unakaa kama gunia la mahindi. Alikuwa anasimama kabla hujamaliza hiyo pumzi.

Siku moja kaka yangu mkubwa aliamua kuwaonyesha wasichana wa mtoni kwamba yeye ni jockey. Akampiga Kivuli mateke ya mbavu, mfululizo, mnyama akiwa tayari anakwenda mbio. Susu hakumchapa. Alimkalisha juu ya jiwe, akakaa kando yake, akaanza kumgonga begani kwa kidole huku akiongea habari za mahindi, za jirani, za mvua. Tak, tak, tak. Muda ukapita. Akamuuliza, bado unakisikia kidole changu? Kaka akasema hapana, nimeshazoea. Susu akainuka, akaenda zake kujaza mitungi.

Kivuli aliibiwa. Ilikuwa miaka ile ambayo kulala bila mlinzi na punda zizini ilikuwa kucheza kamari. Sheria ilikuwa imeruhusu punda achinjwe tangu 2012, na kufikia mwisho wa muongo huo nchi ilikuwa na vichinjio vinne vyenye leseni, kimoja hapa Machakos, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8. Ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku, Mei 2021 mahakama ikaifuta hiyo marufuku, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, bara zima. Nani alimchukua wetu, sijui, na simtaji mtu. Ninachojua ni kwamba Susu alikaa miezi akilipa watu wamletee maji, na kwamba punda mpya alipopatikana alikuwa wa bei, dume, na kiuno chake kilikuwa na ule weusi.

Huyo dume alikuwa kiziwi. Si wa masikio. Ungekaa wima, ungebana, ungemgusa kwa kisigino, hakuna kitu. Mahali alipokuwa ametoka, kila kitu kilikuwa fimbo, na fimbo haikuwahi kuacha, kwa hiyo hakukuwa na neno lolote la kusikiliza. Ni kama kuishi kando ya posho mill, siku ya tatu husikii tena mashine. Na mimi, mjukuu wa Susu, niliyelelewa juu ya mgongo wa Kivuli, nilikuwa na miaka kumi na saba na haraka zangu, nikaokota fimbo. Nilimpiga mwaka mzima. Kwa hiyo ninaposema mwenye mkokoteni anadanganya, najua huo uongo una ladha gani mdomoni.

Ati punda ni mkaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi husimama tisti, akapima kwanza. Amesimama kwa sababu daraja linacheza, au kuna bomba la plastiki barabarani linalong'aa kama nyoka, na wewe unaleta fimbo, yaani umemthibitishia kwamba mahali hapo ni pa hatari. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2022 unasema punda alifugwa kwanza huku kwetu Afrika Mashariki, karibu miaka 7,000 iliyopita. Miaka 7,000 tuko naye, na bado methali tunayoijua wote ni asante ya punda mateke. Mateke yanatoka wapi, hatuulizi.

Najua jibu mtakalonipa. Hayo mambo ya kupumua na kukaa wima ni ya watoto wa Karen wenye farasi wa mashindano na saa nzima ya mazoezi. Mwenye mkokoteni analipwa kwa mtungi, ana karo, hana muda. Hoja nzuri, na ningeiheshimu zaidi kama fimbo ingekuwa inaokoa muda. Hesabu ni ngapi anazopiga kutoka mtoni hadi sokoni. Mkono wake wenyewe unamuuma jioni. Na punda huyo huyo, bila kuguswa, anasimama kila lango la mteja kwa sababu anakumbuka. Amejifundisha mwenyewe njia yote, ila tumekataa kuiona kama akili.

Ni kweli kwamba aliyeketi kwenye mkokoteni hana nyonga za kuongea nazo. Tena amekaa nyuma kabisa, upande ambao punda haoni vizuri. Basi tumia sauti, neno moja la kwenda na moja la kusimama, na unyamaze akitii. Au shuka utembee usawa wa bega lake: ukipiga hatua anapiga, ukisimama anasimama. Hii si anasa. Kumpiga mnyama kikatili, kumwendesha kupita kiasi na kumbebesha kupita kiasi ni makosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na hiyo ni ya zamani kuliko wengi wetu. Askari anapita kando ya mkokoteni kila siku.

Na usicheke sana wewe wa mjini, uliyepanda farasi kwenye bustani ya umma wikendi kwa ajili ya picha. Nimekuona. Ulikuwa umening'inia kwenye hatamu kama uko ndani ya matatu imefunga breki, chuma kinamvuta mdomo, huku visigino vinampiga mbavu. Yaani umemwambia simama na nenda kwa pamoja. Alipotikisa kichwa ukasema, huyu ni mkali. Mwenye farasi akamchapa ili picha itoke poa. Ulilipa, ukaposti, ukapata likes zako.

Desemba iliyopita nilirudi Mwala nikaamua kumwomba yule dume msamaha kwa njia pekee anayoielewa. Wiki tatu, kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Naomba kidogo, nasubiri, nagusa, akiinua mguu naacha. Siku nne za kwanza hakuna kitu, na Susu, sasa macho yake hayaoni vizuri, alikuwa amekaa mlangoni akiuliza, ameenda? Bado, Susu. Siku ya tano sikio moja likageuka nyuma, kwangu. Wiki ya pili alikuwa anaondoka kwa pumzi tu, si kila mara. Kushoto anaenda vizuri. Kulia bado anafikiria.

Lakini simu ikilia nikiinua mkono kuipokea, anabana mkia na kukaza mgongo mzima, akingoja.